Pengo la Kuzaliwa

Waliokuwapo Alhamisi ile ni hawa. Don Primitivo Oquendo Chambi, aliyeitwa Baruti kwa sababu alilipua miamba ya Mlima wa fedha ujana wake wote, na usikivu wa sikio lake la kushoto ulibaki huko huko. Aliketi kwenye ncha ya benchi ambako jua hufika mwanzo, na hakuna aliyethubutu kumhamisha. Don Casto Ibarguren, aliyeitwa Meno, fundi mstaafu wa meno ya bandia, ambaye ya kwake aliyatengeneza mwenyewe, na ndiyo yaliyomwulia biashara kila alipocheka mbele ya mteja. Don Nicanor Villca, aliyeitwa Askofu, mfungua milango wa kanisa la mtaa, ambaye hakupewa daraja lolote takatifu maishani ila funguo. Doña Ruperta Condo, mjane wa Arancibia, mwenye birika la kahawa na karai la kukaangia pasteli za jibini, ambaye hakuketi kamwe, kwa kuwa, alivyosema, lazima mtu mmoja afanye kazi nchi isife. Na Don Hermógenes Tardío Llanque, aliyeitwa Msajili, kwa sababu aliandika vizazi na vifo vya mji wa Potosí mpaka serikali ilipomchoka. Hakuwaita wenzake kamwe ila kwa majina ya ubatizo, na ndiye aliyekuwa na sarafu mfukoni. Benchi lenyewe ni la jiwe, limeegemea ukuta unaotazama mashariki. Baridi ya Potosí haina adabu. Watu huko hulifuata jua kama kuku wanavyofuata mtama, na kijiwe hicho huanza jua linapofika na huvunjika kivuli kinaporudi au kahawa inapokwisha.

— Haya, leo ni leo, — alisema Baruti kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake ng'ambo ya bonde. — Meno! Lenzi umeileta, au leo pia mkeo ameifungia kabatini?

— Ninayo, — alisema Meno. Akapapasa mfuko wa koti, kisha wa pili, kisha wa suruali. — Ninayo, nimesema. Msiniharakishe.

— Jumatatu pia ulikuwa nayo.

— Jumatatu niliisahau. Jumanne nilikumbuka kwamba nimeisahau. Hayo ni maendeleo.

— Na jana?

— Jana nilileta ile nyingine, ya kusomea. Mwenda pole hajikwai, bwana.

— Hajikwai kwa sababu hafiki, — alisema Doña Ruperta akigeuza pasteli. — Doña Eduviges ameniuliza tena leo alfajiri. “Wamesemaje?” Nimwambie nini mimi? Kwamba wanaume wanne wameiatamia sarafu yake kama kuku aliyeatamia jiwe?

Hapo wote walitazama kahawa zao.

Mambo yalikuwa yameanza Jumatatu. Doña Ruperta alishuka kutoka kwenye ua anakoishi akiwa na leso iliyofungwa fundo, na ndani ya fundo sarafu ya fedha ya zamani iliyojaa kiganja: upande mmoja kichwa cha mwanajeshi mwenye shada la majani, upande wa pili mti na llama wawili waliolala chini yake. Alama ya mji ilikopigwa ilikuwa imelika. Na ukingoni, nyuma ya llama wa kulia, palikuwa na pengo lililoingia ndani kama mwezi mchanga.

Mwenye sarafu alikuwa jirani yake, Doña Eduviges Sandóval Irahola, ambaye mji mzima ulimwita Panya. Jina hilo alilipata akiwa mtoto mdogo, siku ya harusi ya dada yake Melchora. Bwana harusi alimkabidhi bibi harusi sarafu kumi na tatu za kina Sandóval mbele ya altare, kama ilivyo desturi. Kwenye harusi ya wazazi wao sarafu hizo hizo zilipita bila neno, maana padre wa wakati ule alikuwa haoni vizuri hata kitabu. Huyu wa pili aliona. Alizihesabu kiganjani, akainua moja yenye pengo. Mama mkwe akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, kwamba wameletewa ndoa iliyokwisha tafunwa. Akatafutwa mkosaji, na katika nyumba yoyote mkosaji wa karibu ni mtoto: Eduviges ndiye aliyezoea kuchezea sanduku la sarafu hizo, basi ndiye aliyekata fedha akamwuzia sonara kwa peremende. Alichapwa, akaitwa Panya, na jina likamganda. Ndoa ya Melchora ilivunjika kabla ya mavuno ya viazi, na Melchora hakumsamehe mdogo wake. Sasa wote wawili walikuwa vikongwe. Waliishi vyumba vinavyopakana, wakipikiana supu, wakisemezana kuhusu chumvi tu. Na Eduviges alikuwa kitandani, kifua kimembana.

“Muulize Msajili,” alikuwa amemwambia Doña Ruperta. “Sarafu hii ilizaliwa na pengo au ilikatwa? Kama ilizaliwa nalo, aje amwambie Melchora, nami niwe nasikia.”

Don Hermógenes aliupokea ujumbe huo kwa heshima na kwa hofu. Heshima, kwa sababu tangu astaafu alikuwa hasomi wala kuota kitu kingine ila sarafu za kale, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu kumwuliza. Hofu, kwa sababu ya yaliyompata msimu wa baridi uliopita. Alinunua mnadani Jumapili sarafu yenye herufi za kinyumenyume zilizozama juu ya herufi za kawaida, akaileta kijiweni, akawahutubia wenzake mpaka miguu ikafa ganzi: hili ni kosa la kiwandani, sarafu mbili zimepigwa chapa pamoja, jambo la nadra kabisa. Siku ya pili Baruti alikuja na nyingine kama hiyo. Alikuwa ameitengeneza usiku nyumbani kwake kwa kubana sarafu mbili, uso kwa uso, katika jiriwa ya kunolea misumeno. Walimcheka mpaka masika. Tangu siku hiyo kila aliposema “nadra”, Baruti aliuliza, “Nadra ya jiriwa?” Naye Don Hermógenes akaapa kwamba hatatamka tena neno juu ya sarafu bila lenzi. Na lenzi ya maana mtaani ilikuwa moja tu, ile ya Don Casto ya kutazamia meno.

Basi walingoja lenzi. Na wanaume wanaongoja kitu, ukiwapa kahawa, hawakosi la kusema.

— Mimi silihitaji hilo dude, — alisema Meno, akiwa bado anapapasa. — Nipe hiyo sarafu. Jicho langu limeona midomo elfu. Hili ni jino.

— Jino la nani?

— La juu, la kushoto. La mwanamke. Tazameni mkunjo. Mwanaume hung'ata akavuta. Mwanamke hung'ata akangoja.

— Unangoja nini huku umeng'ata fedha?

— Mtoto, bwana! Zamani mwanamke akiwa na uchungu alipewa kitu cha kung'ata asipige kelele. Maskini walipewa kijiti. Wenye nacho walipewa fedha. Huyu alijifungua mapacha. Angalieni pengo lilivyo pana.

Doña Ruperta aliweka mwiko chini.

— Mimi nimezaa sita, Don Casto. Nilichong'ata ni mkono wa marehemu Arancibia, na haukuwa na pengo hili.

— Mkono ni nyama, mama. Nyama hurudi. Fedha hairudi. Ndiyo maana wahenga wakasema chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Wahenga walisema hivyo kuhusu wezi, — alisema Don Hermógenes kwa upole.

— Na mtoto akizaliwa hakuibii usingizi?

Askofu alikuwa amefumba macho jua likimpiga usoni. Aliyafumbua, akajifuta kidevu kama mtu anayepanda mimbarini.

— Ndugu zangu, mnaidhalilisha sarafu ya altare. Hiyo imepigwa risasi.

— Aah, tumeanza!

— Risasi, nawaambia. Vita vya bahari. Babu yake mama yangu alikwenda pwani na sarafu kwenye mfuko wa kifuani, upande wa moyo. Risasi ya adui ikaja, ikapiga ukingo, ikapinda, ikamwua farasi. Yeye akarudi kwa miguu. Penye mawimbi na milango iko wazi.

— Milango gani, Don Nicanor? — alisema Baruti. — Sisi bahari tulinyang'anywa. Milango imefungwa na ufunguo wanao wao. Au uko kwenye hilo pete lako la funguo?

Walicheka mpaka Meno akashika taya yake isidondoke.

— Halafu, — Meno aliongeza alipokwisha kuipachika sawasawa, — babu yake mama yako na sarafu ya kina Sandóval wanahusiana vipi?

Askofu alifikiri.

— Hilo ndilo fumbo la imani, — alisema.

— Hiyo ndiyo kamba, — alisema Baruti. — Sikilizeni mtu aliyekuwa ndani ya Mlima, siyo aliyeuona dirishani. Sarafu hiyo imeng'atwa na Mjomba.

Hapo Askofu alipiga ishara ya msalaba kwa haraka, maana Mjomba ni jina la heshima wanalompa yule mwenye pembe anayekaa chini, mwenye madini yote, ambaye wachimbaji humwashia sigara na kummwagia pombe ili awaachie roho zao.

— Usimtaje hapa, Don Primitivo! Hili ni benchi la Kikristo.

— Ni benchi la jiwe, na jiwe ni lake. Sikia. Fedha yote ya dunia ilitoka kwake, au siyo? Basi kila kipande kinachotoka lazima aonje. Wewe Doña Ruperta, pasteli ukiuza huionji kwanza?

— Ningeonja zote ningekuwa na umbo la birika.

— Naye haonji zote. Moja moja. Hii aliionja. Nimeona alama zake mimi, kwenye mwamba, mkunjo huo huo, kama sahani iliyomegwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Mjomba yuko nguoni mwako?

— Alikuwa. Kwenye suruali hii hii. Pale nyuma. Niwaonyeshe?

— Usituonyeshe kitu! — alifoka Doña Ruperta. — Watu wanakula!

Hakukuwa na mtu anayekula ila mbwa wa mhunzi jirani, lakini neno lilisimama.

Don Hermógenes alikuwa ameichukua tena sarafu. Aliishika kwa ncha za vidole, ukingo kwa ukingo, kama alivyokuwa akishika vitambulisho vya watu. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alingoja kelele zitulie, nazo hazikutulia, basi akasema katikati yake.

— Doña Ruperta, nakuomba. Unga wa pasteli umebaki?

— Umebaki kidogo. Kwa nini? Nawe una nadharia ya kula?

— Usukume uwe mwembamba kama ulivyozoea. Halafu ukate.

Doña Ruperta aliutandaza unga juu ya ubao, akachukua kikombe cha bati anachokatia, akakandamiza: duara moja, la pili, la tatu. Unga ukabaki kipande kilichopinda pembeni. Kwa mazoea, asiharibu kitu, alikandamiza kikombe pale pale, nusu juu ya unga, nusu juu ya tundu la duara lililotangulia. Likatoka duara la nne, lenye pengo.

Wote waliinamia ubao.

— Angalieni, — alisema Don Hermógenes. — Kiwandani hufanya hivyo hivyo. Kuna bamba refu la fedha, na kuna chuma cha kukatia maduara. Mkataji akilisukuma bamba kidogo kuliko inavyotakiwa, chuma huangukia tundu la zamani. Duara hutoka limemegwa. Halijapigwa chapa bado. Halina kichwa wala llama. Limezaliwa hivyo.

— Kwa hiyo Mjomba alikuwa na kikombe, — alisema Baruti, lakini si kwa nguvu.

— Na huyu wa kwangu nitamkaanga vile vile, — alisema Doña Ruperta akilitupia lile duara kwenye mafuta. — Atakula Don Nicanor. Hatambui.

— Ngojeni, — alisema Meno. — Kisu je? Kisu cha sonara nacho kinaweza kukata mkunjo. Utajuaje?

Hilo lilikuwa swali la maana, na kwa kuwa lilitoka kwa Meno walihitaji muda kulizoea. Don Hermógenes aliinama mbele. Uso wake, ambao kwa kawaida ulikuwa kama dirisha la ofisi lililofungwa kwa chakula cha mchana, ulifunguka kidogo.

— Kidonda cha baadaye husukuma fedha, Don Casto. Nyundo, kisu, tupa, reli ya treni, vyote huiacha fedha mahali fulani: huinua mdomo, huacha mkwaruzo, huikata herufi katikati kama mtu aliyekatwa neno. Lakini sarafu iliyoingia chini ya chapa ikiwa tayari ina pengo, fedha yake ilitambaa kuelekea pengo. Herufi za jirani huvutika, hunenepa, huinama, kama watu wanaochungulia kisima. Hilo moja. La pili ni upande wa pili.

— Upande wa llama?

— Hapana. Upande unaolitazama pengo, ng'ambo ya sarafu. Kabla ya chapa, duara hubingirishwa katikati ya vyuma viwili viubane ukingo, uinuke, utoke vijino. Pengo linapopita kwenye chuma cha kwanza haligusi kitu. Na kama huku hakuna anayesukuma, kule hakuna anayesukumwa. Kwa hiyo ng'ambo ya pengo la kuzaliwa vijino hufifia. Mwizi anaweza kukata pengo. Hawezi kufifisha ng'ambo, kwa sababu hajui kwamba inafifia.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, — alisema Askofu kwa unyenyekevu.

— Hapo ndipo umeliweka sawa, — alisema Meno, ingawa hakuna aliyejua wapi.

— Basi angalia hiyo ng'ambo yako! — alisema Doña Ruperta. — Jicho si unalo?

— Jicho ninalo. Lenzi sina.

— Nadra ya jiriwa, — alinong'ona Baruti, na Don Hermógenes aliishusha sarafu gotini.

Hapo Meno alipiga ukelele. Lenzi ilikuwa kwenye kofia yake, katikati ya utepe na kitambaa, mahali alipoiweka asubuhi asije akaisahau. Kama alikuwa nayo kofiani tangu Jumatatu, hakuna aliyeuliza, naye hakujitolea kusema.

Walimzunguka Don Hermógenes. Alifuta kioo kwa ncha ya tai, akakiweka jichoni, akaigeuza sarafu kuelekea jua. Alitazama pengo: weusi wa uzee ndani yake ulikuwa sawa na weusi wa sarafu nzima, na hapakuwa na mkwaruzo wala mdomo ulioinuka. Alitazama herufi. Mbili zilizokuwa jirani na pengo zilikuwa zimeinama, miguu yao imenenepa. Kisha akaigeuza, taratibu, akaja ng'ambo. Vijino vilikuja vimejipanga vizuri kama wanafunzi wa shule ya watawa, vikaanza kufifia, vikawa kivuli, vikapotea, pakawa laini. Halafu vikaanza tena.

— Ilizaliwa hivi, — alisema.

— Hebu, hebu! — Baruti aliivuta lenzi. Akatazama, jicho lisilo na lenzi likiwa limefumbuka zaidi kuliko lenye lenzi. — Ee. Kumelainika. Kama kichwa cha Askofu.

Askofu alitazama, akakiri. Meno alitazama kwa muda mrefu, akasema kwamba hata hivyo mwanamke mwenye mapacha hafai kufutwa kabisa. Doña Ruperta alijifuta mafuta, akatazama wa mwisho, na alipoirudisha sarafu macho yake yalikuwa na maji.

— Mtoto wa watu, — alisema. — Maisha mazima anaitwa Panya.

Furaha ikaingia kijiweni, ile furaha ya watu ambao angalau mara moja wamepatia. Na haikuchukua muda kabla haijapata wenyewe.

— Si niliwaambia? — alisema Baruti. — Jumatatu nilisema, hii siyo kazi ya mkono wa mtoto. Mtoto hawezi. Nilisema au sikusema?

— Ulisema Mjomba.

— Mjomba si mtoto! Maana yangu ilikuwa hiyo hiyo.

— Mimi nilijua tangu Jumatatu, — alisema Askofu. — Sarafu ya altare haidanganyi. Nilinyamaza tu nimpe Don Hermógenes nafasi.

— Ulinyamaza saa ngapi wewe? — alisema Meno. — Anayejua ni mimi. Pengo la jino lina ngazi mbili, hili lina moja. Jumatatu hiyo hiyo nililiona. Niliwaletea ya mapacha mchangamke.

— Kwa hiyo tulijua wote.

— Wote! Tangu Jumatatu!

— Kijiwe hiki kina vichwa, bwana. Kingekuwa na mishahara kingekuwa wizara.

Waligonganisha vikombe. Don Hermógenes naye alikiinua chake, akatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa bado usoni walipogundua kwamba kuna mtu amesimama mbele yao akiwakinga jua.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mgeni kwao, kofia mkononi, vumbi la safari kwenye sketi. Kwa jinsi alivyotulia ilionekana hakuwa amefika sasa hivi.

— Habari za asubuhi, wazee wangu.

— Nzuri, binti, karibu! — alisema Baruti. — Umekuja wakati mzuri. Mpe kahawa, Doña Ruperta.

— Ahsante, sinywi. Mimi ni Zenobia, mjukuu wa Doña Melchora. Nimefika na basi la Uyuni. Bibi amenituma nichukue sarafu.

— Chukua na habari pamoja nayo! — alisema Askofu. — Ilizaliwa hivi, mwanangu. Bibi yako mdogo hakukata kitu. Hakuna panya.

— Nimesikia, — alisema Zenobia. Akawatazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayetaka kufahamu njia kabla hajaondoka. — Ila sijaelewa kitu kimoja. Mlijua tangu Jumatatu?

Baruti aligeuza upande wa sikio lake bovu, kana kwamba hakusikia. Meno alikuwa na lenzi mkononi, aliirudisha kofiani. Askofu alitafuta ufunguo fulani. Kwenye karai lile duara lenye pengo lilikuwa limeanza kuungua, na Doña Ruperta hakulitoa.

Don Hermógenes alitazama viatu vyake. Jumatatu, akipanda mtaa kurudi kwake, alikuwa ameibingirisha ile sarafu mfukoni chini ya ukucha wa kidole gumba, kwa mazoea tu, bila kutazama. Ukucha ulikwaruza kwenye vijino, ukakwaruza, ukakwaruza, halafu mahali pamoja, ng'ambo ya pengo, uliteleza. Alisimama. Mlango wa Doña Eduviges ulikuwa nyumba chache chini. Alisimama pale akifikiri juu ya jiriwa, kisha akaenda kulala.

Aliinuka. Alifunga kifungo cha juu cha koti, akanyoosha tai.

— Doña Zenobia, — alisema, — sarafu nitaileta mwenyewe. Nitamwambia bibi yako ana kwa ana, na nitamwambia mbele ya Doña Eduviges, kama alivyoomba. Nitaeleza herufi na nitaeleza ukingo. Nikitakiwa nitaandika na kutia sahihi. Twende.

Zenobia hakusogea.

— Bibi anataka mdogo wake ashike sarafu zote kumi na tatu mkononi, — alisema. — Doña Eduviges amefariki leo asubuhi.